Heri Mfupa Uvunjike: Aibu na Kujikubali Nchini Mongolia



Mwezi wa Septemba 2023, hayati Baba Mtakatifu Fransisko alipoizuru Mongolia, wengi wetu tulilazimika kutafuta ramani. Nchi ile imekaa kati ya Urusi na China, haina bahari, na ukubwa wake unazidi Tanzania na Kenya zikiunganishwa, lakini watu wake ni kama milioni 3.5 tu. Wakatoliki wote wa nchi nzima walikuwa wapatao 1,450, idadi ambayo parokia moja ya kijijini kwetu huipita bila kujitahidi. Hata hivyo hatukuwa wageni kabisa. Wamisionari wa Consolata, waliofika Kenya mwaka 1902 na Tanganyika mwaka 1919, ndio hao hao waliokwenda Mongolia mwaka 2003, na Kardinali Giorgio Marengo wa Ulaanbaatar ni mmoja wao. Kwa sababu ya udugu huo tukaanza kusoma habari za watu wa nchi ile, na katika kusoma tukakutana na jambo ambalo hatukulitafuta.

Jambo lenyewe ni aibu. Hatusemi aibu ya mwizi aliyekamatwa, wala ya mlevi aliyeanguka njiani mchana. Twasema ile ya mtu ambaye hajamkosea yeyote, na bado anaishi kila siku kana kwamba amekamatwa. Tuliikuta katika maisha ya Wamongolia wanaowapenda wenzao wa jinsia yao, na ya wale ambao mwili waliozaliwa nao haulingani na jinsi wanavyojijua kuwa, wa kiume au wa kike.

Yatupasa kwanza kusema neno juu ya maneno. Lugha yetu ina majina mengi kwa watu hawa, na karibu yote ni mawe ya kurushia. Hata neno shoga, ambalo katika pwani yetu ni jina la upendo ambalo mwanamke humwita rafiki yake wa kike, limegeuzwa kuwa tusi. Wamongolia nao wana taabu hiyo hiyo. Mitaani husikika neno gomo, lililotoka katika Kirusi, nalo hutamkwa kama mtu atemaye mate. Lipo neno la staha, ijil khuisten, yaani watu wa jinsia moja, lakini tusi hukimbia mbele ya staha kila mahali duniani. Tusipite hapa upesi. Fikirini mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye habari zake mwenyewe anazisikia kwa mara ya kwanza katika kicheko, mwenzake akitupiwa jina hilo uwanjani. Amehukumiwa kabla hajajua shtaka. Atacheka pamoja na wengine ili asitambuliwe, na kicheko hicho atakikumbuka kuliko masomo yote ya mwaka ule. Nasi tunaoandika kurasa hizi tunakiri kwamba tumewahi kuwamo miongoni mwa waliocheka, wala hatukuuliza ni nani aliyekuwa akicheka kwa hofu.

Tunasema pia wazi kwamba makala hii haijadili ndoa. Mafundisho juu ya ndoa yana mahali pake na walimu wake, na msomaji anayetafuta mabishano hayo hatayapata hapa. Swali letu ni jingine: je, ni haki mtu aone aibu kwa kuwapo kwake? Na ikiwa si haki, ni nani aliyemtwika?

Wamongolia wana methali isemayo: kuliko jina livunjike, heri mfupa uvunjike. Ni methali ya wafugaji, watu wanaojua vizuri maana ya kuvunjika mfupa mahali ambapo jirani yuko mwendo wa nusu siku kwa farasi. Wanayesema hivyo si watu wa mzaha. Lakini ili kuielewa yatubidi tujue jina ni nini kwao. Mmongolia hana jina la ukoo kama la Mzungu. Jina la baba yake hutangulia, likiwa katika umbo la umilikaji, ni kama kusema "wa Fulani", ndipo jina lake mwenyewe lifuate. (Majina ya koo yalipigwa marufuku mwaka 1925, yaliporudishwa katika miaka ya 1990, watu wengi mno walijichagulia Borjigin, ukoo wa Chinggis Khaan, na jambo hilo huwachekesha hata wenyewe.) Basi kila aitwapo darasani, hospitalini au kazini, mtu humtaja baba yake kwanza. Akifedheheka, baba amefedheheka katika pumzi ile ile. Hana jina la pekee analoweza kuliharibu peke yake.

Hapa ndipo tulipotambua kwamba hatuzungumzi juu ya watu wa mbali. Kwetu nako mama huitwa kwa jina la mtoto wake, Mama Fulani, na mtoto akianguka, jina la mama huanguka naye sokoni. Uzuri wa desturi hizi hatuukani. Zimewafanya watoto wengi wawe na adabu, na wazazi wengi wawe na mahali pa kusimama. Lakini jina linalobebwa na wengi laweza pia kuwa mzigo unaomwangukia mmoja. Kijana wa Mongolia anayejitambua kuwa tofauti hafikirii kwanza, "Mimi nitakuwaje?" Hufikiri, "Baba atapita wapi?" Na kwa kuwa anampenda baba yake, ananyamaza. Tusidhani kwamba ukimya wake ni ukaidi. Mara nyingi ni upendo uliokosa njia nyingine.

Lugha yetu imetupa msaada katika jambo hili, nasi hatuutumii. Kiswahili hutenga haya na aibu. Haya ni ulinzi. Mwenye haya hujisitiri, huheshimu wakubwa, hujizuia kabla ya tendo baya, na asiye nayo twamwogopa. Aibu ni doa, huja kutoka nje na kumpaka mtu. Haya huhusu tendo, na tendo laweza kujutiwa, kuungamwa, kulipwa, kuachwa. Lakini mtu akipakwa aibu kwa jinsi alivyo, atatubu nini? Atamrudishia nani alichoiba? Hana tendo la kutaja. Aweza tu kujiungama yeye mwenyewe, nafsi nzima, asubuhi na jioni, bila kufika mwisho, kwa maana kila aamkapo bado yupo. Wako watu wanaoishi hivyo hadi uzeeni. Wako pia ambao hawakufika uzeeni.

Tuingie sasa nyumbani mwao. Ger ni nyumba ya mviringo ya fito za mbao, iliyofunikwa kwa mablanketi mazito ya manyoya ya kondoo, na mlango wake hutazama kusini. Ina chumba kimoja. Jiko liko katikati, na watu wote hula, hulala, huvaa na kuugua katika mviringo ule mmoja. Lakini msidhani kwamba hauna mipaka. Upande wa magharibi ni wa wanaume. Huko huwekwa matandiko ya farasi na mfuko wa ngozi wa maziwa ya farasi yaliyochachushwa. Upande wa mashariki ni wa wanawake, na huko ndiko viliko vyombo vya kupikia. Nyuma kabisa, upande wa kaskazini, ni mahali pa heshima paitwapo khoimor, pa wazee, wageni wakubwa na vitu vitakatifu. Mtoto hajifunzi mambo haya kwa kuambiwa. Huyajua kwa miguu yake. Mvulana ambaye moyo wake na mikono yake huelekea mashariki huyajua pia kwa miguu yake, kwa sababu hurudishwa. Kila siku, kwa neno dogo tu, bila ukali, hurudishwa.

Wala katika chumba kimoja hakuna pa kulilia. Katika nyumba zenye vyumba mtu aweza kufunga mlango. Katika ger, wakati baridi ya nje imefika nyuzi 30 chini ya sifuri, kutoka nje usiku ili kulia ni hatari ya mwili, na kubaki ndani ni kulia mbele ya wote. Basi mtu hujifunza kutolia. Wengine wakikua huhamia Ulaanbaatar, mji unaobeba karibu nusu ya watu wa nchi, wakitumaini kwamba katika umati watapotea. Lakini nusu ya watu milioni 3.5 si umati wa kupoteana. Shangazi yuko mtaa wa tatu. Aliyesoma nawe anafanya kazi benki. Habari hukutangulia nyumbani.

Wengine huoa au huolewa. Jambo hili husemwa kwa haraka, kana kwamba ni ufumbuzi, nasi tunaomba viongozi wa walei walitazame kwa makini, maana wao ndio huitwa kusuluhisha ndoa zinapoungua. Kijana aliyebanwa na jina la baba yake huchukua mke ili jina lisivunjike. Wazazi hufurahi, jirani hunyamaza. Lakini kuna mwanamke katika habari hii ambaye hakuna aliyemwuliza lolote. Ataishi miaka mingi akijiuliza ana kasoro gani hata mumewe asimtazame. Hakuna atakayemwambia kwamba kasoro si yake. Hivyo aibu iliyokusudiwa kufichwa katika moyo mmoja imezaa nyingine katika moyo wa pili ambao haukuhusika kabisa. Tunapodai kwamba kijana fulani "aoe tu, yatapita", tumeamua kumlipisha binti wa watu deni asilolijua.

Serikali nayo ilikuwa na sehemu yake. Tangu mwaka 1957 Mongolia hutoa nishani kwa akina mama wenye watoto wengi. Siku hizi mwenye watoto sita au zaidi hupata daraja la kwanza, na mwenye wanne au watano daraja la pili. Enzi ya ujamaa, watu wazima wasio na watoto walitozwa hata kodi. Twafahamu sababu zake: nchi kubwa, watu wachache, majirani wawili wenye nguvu. Kumheshimu mama ni jambo jema. Lakini pale ambapo uzazi umefanywa kuwa uraia, asiyezaa huwa mdeni wa taifa, na asiyeoa hushtakiwa na kila sherehe.

Sheria ya jinai haikuwa nyuma. Urusi ya Kisovieti ilifanya uhusiano wa wanaume wawili kuwa kosa la jinai mwaka 1934, na Mongolia, iliyojenga sheria zake kwa mfano wa Moscow, ikafuata njia hiyo. Kanuni ya jinai ya mwaka 2002 haikuwa tena na kosa hilo. Twaomba msomaji alizingatie hili, kwa sababu katika Mongolia, kama kwetu, hoja inayorudiwa kuliko zote ni kwamba watu hawa ni kitu cha kigeni kilicholetwa na wageni. Kumbe kilichopanda treni kutoka Moscow ni adhabu. Vifungu vya sheria za Kenya na Tanzania juu ya jambo hili navyo vililetwa na Mwingereza. Kama tunataka kuulizana nani ni mgeni, tuanze na karatasi.

Hoja hiyo ya ugeni ilipata muhuri wa serikali. Mwaka 2007 wanaharakati wa Ulaanbaatar waliunda Kituo cha LGBT, wakaomba kukiandikisha kama chama chochote cha raia. Walikataliwa, wakarudi, wakakataliwa tena. Waliambiwa kwamba jina la chama chao linapingana na mila na desturi za Wamongolia na laweza kuwa mfano mbaya kwa vijana. Ilikuwa Desemba 2009 walipoandikishwa. Msomaji wa Kenya atakumbuka kesi ya namna hiyo iliyodumu miaka kumi, kuanzia ombi lililokataliwa mwaka 2013 hadi Mahakama ya Juu ilipoamua Februari 2023, kwa kura tatu dhidi ya mbili, kwamba kuwanyima watu hawa kuandikisha shirika ni kuwabagua. Wapo waliokasirishwa na uamuzi huo katika parokia zetu. Sisi twauliza tu: je, mwaambiwapo kwamba hata jina lenu haliwezi kuandikwa katika daftari la serikali, mtasikia nini masikioni mwenu isipokuwa ile sauti ya nyumbani, kwamba jina limevunjika?

Tufike penye uchungu. Mashirika ya haki za binadamu yameandika habari za wanawake watatu waliozaliwa na miili ya kiume, ambao mwaka 2009 walitekwa, wakapigwa na kunajisiwa na watu wa kikundi cha wazalendo wenye siasa kali. Hawakwenda polisi. Waliogopa kwamba huko wangefedheheshwa mara ya pili. Hatutaeleza zaidi mateso yao, maana si tamasha. Twataka kuonyesha jinsi mashine hii inavyofanya kazi. Mhalifu hakuhitaji kujificha, kwa sababu waliotendewa ndio waliojificha kwa niaba yake. Aibu waliyofundishwa tangu utotoni ilimlinda yeye kama mlinzi wa usiku. Ndivyo ilivyo pia kwa mtu anayetishiwa, "Nitamwambia baba yako," akatoa fedha mwezi hadi mwezi. Tume ya Haki na Amani isipoiona aibu kuwa jambo la haki, haitaona sehemu kubwa ya dhuluma iliyopo, kwa kuwa dhuluma hiyo haina mlalamikaji.

Mongolia imejitahidi kurekebisha sheria zake. Mwaka 2009 iliruhusiwa kubadili jinsi katika cheti cha kuzaliwa na kitambulisho baada ya matibabu ya kubadili mwili. Si jambo dogo, kwa kuwa namba ya utambulisho ya kila raia ina tarakimu moja inayotaja jinsi: witiri kwa mwanamume, shufwa kwa mwanamke, na karani yeyote aisomaye aweza kukuumbua mbele ya foleni. Kisha Desemba 2015 Bunge lilipitisha kanuni mpya ya jinai, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2017, ambayo inafanya kuwa kosa kumbagua mtu kwa sababu ya mwelekeo wake wa mapenzi au jinsi anavyojitambua. Nchi nyingi tajiri zilichelewa kufika hapo. Lakini sheria huhitaji mtu asimame na kusema, "Mimi, wa Fulani, nimetendewa hivi." Jina la baba limetangulia tena. Waheshimiwa wabunge waliweza kuondoa kosa katika kitabu. Hawakuweza kuingia ndani ya ger.

Ndipo tunapofika katika kujikubali, neno ambalo baadhi yenu hamlipendi. Tumesikia likilaumiwa kwamba ni majivuno ya kizazi kipya, kwamba mtu ajikubaliye ameacha kujirekebisha. Tunaelewa hofu hiyo, lakini twaona imekosea mlango. Anayejikubali hasemi kwamba kila atendalo ni jema. Hasema tu kwamba yeye ni mtu, aliye mahali pake, awezaye kutenda mema au mabaya kama mtu mwingine. Asiyejikubali hawezi hata kujirekebisha, kwa sababu nguvu zake zote zimekwenda katika kujificha. Wahenga wetu walisema mficha uchi hazai. Walisema juu ya uzazi, lakini walijua zaidi ya hayo.

Tena kujikubali hakuanzi peke yake. Vitabu vya mashauri hupenda kumwonyesha mtu akisimama mbele ya kioo, akijiambia maneno mazuri, akatoka amepona. Sisi hatujamwona mtu huyo. Aibu ilitoka kwa watu, na huondoka kwa watu. Huondoka siku mtu mmoja anapoambiwa siri yako na uso wake usibadilike. Ndiyo maana kile kituo kilichopiganiwa miaka miwili kilikuwa na maana kuliko shughuli zake zote: palikuwa na mlango, na nyuma ya mlango palikuwa na watu ambao mbele yao hapakuwa na la kuficha. Anaraa Nyamdorj, mmoja wa waanzilishi wake, mwanamume aliyezaliwa na mwili wa kike, alikubali kuonekana na kutajwa kwa jina hadharani. Mwaka 2013 zikaanza Siku za Usawa na Fahari mjini Ulaanbaatar. Mwaka 2018 Solongo Batsukh, aliyezaliwa na mwili wa kiume, alishiriki kuwania taji la Miss Universe Mongolia. Mashindano ya urembo si jambo ambalo kurasa hizi kwa kawaida hulisifu. Lakini Solongo alipanda jukwaani kwa jina lake kamili, na jina la Batsukh likatangulia kama desturi ya nchi yake itakavyo, likasomwa na taifa zima. Jina la baba lilikuwa pale, mbele ya taa, na halikuvunjika.

Tusiseme kwamba kila mtu afanye hivyo. Kuwasukuma watu watoke hadharani ni ukatili mwingine, hasa sisi tusiobeba gharama. Mfugaji kijana wa Gobi aliye na mama mgonjwa anajua mwenyewe ni nani aambiwe na lini. Wajibu ulio juu yetu ni mdogo zaidi, na ni mgumu zaidi. Mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, au mama mlezi wa vijana, aweza siku moja kuambiwa jambo hili na mzazi anayetetemeka, au na kijana mwenyewe. Dakika ile hakuna atakayemwuliza juu ya kanuni za jinai. Watautazama uso wake. Akiguna, akitazama chini, akiuliza "Na watu wanajua?", amekwisha kujibu. Twawasihi viongozi wetu wajiulize mapema, kabla dakika hiyo haijafika, nyuso zao zitafanya nini.

Na tuwakumbuke wazazi. Ni rahisi kuwalaumu. Lakini baba wa Mongolia aliyefundishwa kwamba jina ni zaidi ya mfupa hakuitunga methali hiyo. Alirithi pamoja na mifugo. Naye anaogopa. Anaogopa majirani, anaogopa kwamba mwanawe atakufa bila wa kumzika, anaogopa kwamba alikosea mahali fulani katika malezi. Mzazi huyu ana aibu yake mwenyewe, na mara nyingi hana hata mtu mmoja wa kumwambia, kwa maana vijana walau wana wenzao. Katika mambo yote tuliyosoma, hili ndilo lililotusumbua zaidi, kwa sababu katika parokia zetu nako hakuna mlango ambao mzazi kama huyo angeubisha usiku.

Kila mwaka, mwishoni mwa majira ya baridi, Wamongolia husherehekea Tsagaan Sar, mwaka mpya kwa hesabu ya mwezi. Waliohamia mjini hurudi kwao. Nyama huandaliwa, mavazi mapya hushonwa, na wazee hutembelewa kwa zamu kuanzia aliye mkubwa kuliko wote. Maamkizi yake ni haya: mdogo hunyosha mikono yote miwili, viganja vikitazama juu, na kuiweka chini ya mikono ya mkubwa, akiishika viwiko vyake kana kwamba anamtegemeza asianguke. Mkubwa huweka mikono yake juu na kumbusu shavuni. Mume na mke hawaamkiani hivyo, kwa kuwa wamehesabiwa mwili mmoja.

Kwa wengi hiyo ndiyo siku ya furaha kuliko zote. Kwa vijana tuliowataja ndiyo siku wanayoihesabu kwa woga tangu majani yanapokauka, kwa sababu baada ya maamkizi huja maswali: umeoa, utaolewa lini, mjukuu yuko wapi. Baadhi yao hubaki mjini, wakisema kazi ni nyingi. Wengine hupanda basi, huenda. Hufika mlangoni, huinama kupita chini ya kizingiti kifupi, husimama mbele ya mzee ambaye labda amesikia habari, labda hajasikia. Hunyosha mikono yao miwili, viganja juu, na kungoja.